Umeshindaje, Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Naanza kwa kukuomba radhi kwa kimya changu. Watu huombana radhi ya namna hii wanapokuwa mbali na barua zimekawia njiani. Sisi tumekaa nyumba moja hapa Nzuguni, ukuta mmoja tu kati ya chumba chako na sebule, na tangu mwezi wa Shaabani, ukiacha siku moja, sijakuambia neno bila kulipitisha kwa mama yako. "Mwambie mwanao tangi limejaa." "Mwambie mwanao afunge geti." Nawe umesimama papo hapo, unasikia. Mama yako alichoka kabla yetu. Juzi alinijibu, "Mwambie mwenyewe, Mwalimu. Mimi si mnara wa simu." Ulicheka ukiwa jikoni. Nami nilitaka kucheka, lakini nilikuwa nimekwisha kununa na sikujua njia ya kurudi.

Kesho alfajiri unapanda basi la Arusha. Habari za nauli, blanketi na nani atakupokea stendi sitazigusa. Mama yako amekwisha kuzisema na hapo mlangoni atazisema tena. Ninamsikia sasa akikaanga karanga za safari. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni swali uliloniuliza jana tukiwa tunaanua nguo kabla ya upepo kuzijaza vumbi. Ulisema bila kunitazama, "Baba, Ramadhani ijayo utakuja kufuturu kwangu?" Nilishika shuka upande mmoja, wewe ukashika upande wa pili, tukalikunja mpaka mikono yetu ikakutana, nami sikujibu.

Nimechoka, Zuhura. Nasema hivyo mapema ili usitafute hasira katika maneno yangu. Hasira inahitaji nguvu.

Unakumbuka jinsi jambo hili lilivyoanza. Nilikuwa natoka kuswali Alasiri. Mlango wako ulikuwa wazi kidogo, umeketi mbele ya kompyuta na vile vidude vya kusikilizia masikioni. Nikakusalimu kama ninavyokusalimu kila jioni tangu ulipoanza shule: "Zuhura, umeshindaje?" Ukajibu bila kugeuka, "Sijashinda bado, baba. Nimepigwa mara mbili, lakini meza hii ni laini."

Nikauliza, "Meza gani?"

Hapo ukageuka. Niliona uso wako ukibadilika, nikajua kwamba nimejibiwa swali ambalo sikuliuliza. Miaka yote ya ualimu wangu niliwapa watoto zoezi lile lile: tunga sentensi kuonyesha maana mbalimbali za neno shinda. Juma ameshinda shuleni. Juma ameshinda mashindano. Kazi imemshinda Juma. Nilisahihisha sentensi hizo mpaka nikaziota, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja maana mbili zitagongana mlangoni pa chumba cha binti yangu.

Ungeweza kunidanganya. Ungesema ni mtihani, ni mchezo wa watoto, ni filamu, nami nisingejua tofauti. Badala yake ulivua vile vidude ukasema, "Ni poka, baba. Karata za mtandaoni. Ningekudanganya, lakini leo nimefunga."

Ulikuwa unalipa siku zako za Ramadhani iliyopita. Nami, mtu mzima, nilisikia neno kamari peke yake. Hilo la kwamba saumu imekuzuia kusema uongo lilinipita kama mtu asiyebisha hodi.

Ulijaribu kunieleza. Ulisema kwamba ni hesabu, na hesabu ndiyo uliyosomea. Ulisema unakimbia ili mwili uweze kukaa, na unafunga ili moyo uzoee kungoja, kwa sababu mchezo wenyewe ni kungoja: mgao mbaya, unatupa karata, mgao mbaya, unatupa tena. Ulisema pia kwamba umejichunguza ukaona unacheza vibaya kuliko wakati wowote katika saa ya mwisho kabla ya futari, njaa inapokufanya uone karata mbaya kuwa nzuri, kwa hiyo saa hiyo unaondoka mezani unavaa viatu unakwenda kukimbia polepole hadi njia ya Ihumwa. Nikafahamu kwa nini Mzee Mlewa, jirani yetu, alikuwa ananiuliza kila mara, "Mwalimu, huyu binti yako anakimbizwa na nani kila jioni? Tutoke tumsaidie?" Nilikuwa namjibu kwamba unakimbizwa na ujana. Kumbe yeye aliuliza kwa mzaha na mimi nilijibu kwa kutojua.

Kisha nikasema lile neno. "Wewe hufungi, Zuhura. Unashinda njaa." Nikaongeza methali ya debe shinda, kana kwamba sentensi ya kwanza haikutosha. Nilikuwa sahihi kwa sarufi, na nilijiona kwamba nimefundisha. Ulinitazama, ukafunga kompyuta, ukaenda kuoga. Tangu siku hiyo hukuniambia kitu nami sikukuambia kitu.

Ramadhani ilipoingia nilikuona asubuhi umeketi mbele ya kompyuta ile ile, nikasema moyoni, hata mwezi mtukufu hauheshimu. Mama yako ndiye aliyeniambia, baadaye sana, kwamba mwezi mzima hukucheza hata mara moja. Ulikuwa unapitia migao ya zamani, asubuhi kichwa kikiwa chepesi, unatafuta ulipokosea. Na akaniambia jambo ulilomweleza huku mnachambua mchicha: kwamba mgao ulioshinda kwa bahati unauhesabu kuwa kosa, kwa sababu uliamua vibaya, ukaokolewa na karata ya mwisho. Mama yako alilisema kama kichekesho. "Mwanao kashinda, kanuna."

Mimi sikucheka. Nililala nalo neno hilo.

Kwa maana wewe hujui yote kuhusu siku ile niliyoanguka. Unajua sehemu yako. Daktari alikwisha kuniambia, kabla ya mwezi kuandama, kwamba kwa sukari yangu na vidonge ninavyomeza nisifunge hata siku moja. Alinieleza kwa upole, akijua mimi ni mtu wa msikitini. Hukumu yenyewe naijua, nimewasomea wengine mara nyingi: mgonjwa ameruhusiwa, na ambaye ugonjwa wake hauponi hulisha maskini, yakaisha. Nikarudi nyumbani, nikanyamaza, nikafunga. Siku za kwanza zilipita salama. Kila adhana ya Magharibi ilipolia nilijiambia, unaona? Daktari ni kijana, hajui. Kwa hesabu yako, mwanangu, zote hizo zilikuwa siku nilizoshinda kwa bahati.

Sikufunga kwa ajili ya Mungu peke yake. Nilifunga ili nisionekane nimekaa kivulini na kikombe cha chai mchana, mimi niliyewahi kuwasimamisha wanafunzi mbele ya darasa kwa kukutwa na kipande cha muwa mfukoni mwezi wa Ramadhani. Basi lako kesho litapita Kondoa. Utakapoiona ile milima iliyochongwa na mvua, fahamu kwamba huko nyuma yake, kwetu Busi, nilijifunza aibu hii nikiwa mdogo. Bibi yako aliugua Ramadhani moja, homa kali, na adhuhuri aliketi kizingitini pa nyumba, mahali ambapo kila apitaye humwona, akala ugali wa uwele na mlenda. Nikamwambia, "Mama, ingia ndani." Akasema, "Nimeruhusiwa. Anayechungulia aje, mlenda upo." Watoto wenzangu walinicheka njia nzima ya kisimani. Niliapa kwamba mimi sitaonekana. Kiapo cha mtoto, nimekibeba mpaka kwenye mvi.

Siku ile nilikuwa nyuma ya nyumba nafunga waya wa mizabibu yetu miwili. Jua la saa kumi lilikuwa bado kali. Mikono ilianza kutetemeka, jasho likawa baridi, kisha nikaona ardhi inapanda. Wewe ulikuwa unafunga kamba za viatu barazani, unajiandaa kutoka. Sikukusikia ukija. Nilichokitambua kwanza ni mikono yako chini ya makwapa yangu, migumu, ikiniinua kama mtu ainuavyo gunia jepesi. Sikujua kwamba nimezaa mtu mwenye nguvu hizo. Nilikuwa nimezikasirikia zile mbio, zile suruali za mazoezi, zile jioni za kunyanyua madumu ya maji uani. Na nguvu zote zile, ulizozitafuta kwa sababu zako mwenyewe, siku ile zilikuwa zangu.

Ukaniletea maji yenye sukari. Nikafumba mdomo.

"Baba, kunywa."

Nikatikisa kichwa. Adhana ilikuwa imebaki kidogo, au ndivyo nilivyotaka kuamini.

"Baba, daktari anasemaga—"

"Husema," nikakusahihisha. "Daktari husema. Hakuna anasemaga."

Nilikuwa nimelala mchangani, ulimi mzito, na neno la kwanza kukuambia kwa majuma mengi lilikuwa sahihisho. Ukaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Haya, husema! Husema utakufa! Tupa karata, baba. Hii imekushinda. Mtu akiwa na karata mbaya anatupa, hashindani nayo!"

Nikanywa. Sijui kama nilikunywa kwa sababu ya hoja yako au kwa sababu ulikuwa unalia juu ya uso wangu. Ukanishika kichwa mpaka kikombe kikaisha, ukanifuta mchanga shavuni kwa ncha ya hijabu yako. Hukuniambia lolote la kunisuta, ingawa ulikuwa na kila haki. Siku ile hukwenda kukimbia.

Sehemu usiyoijua ni hii. Kesho yake msikitini mzee mwenzangu aliniuliza, "Mwalimu, saumu ya jana ilikwendaje? Jua lilikuwa la kutisha." Nikamjibu, "Alhamdulillahi, tumefunga." Tumefunga. Niliuchagua wingi ule kwa makusudi. Nilijua kwamba katika wingi ningeweza kujificha: mama yako alifunga, wewe ulifunga, mtaa ulifunga, na mimi nimo ndani ya kiambishi. Hakuna ambaye angeweza kusema kwamba Mwalimu amedanganya. Sarufi ilikuwa safi. Nikarudi nyumbani nikiwa na uongo usio na kosa hata moja.

Tangu siku ile sikufunga tena, ila nilikula chumbani, mlango nimeukomea. Mama yako aliniletea sahani akaondoka. Na nikiwa mle ndani natafuna kimyakimya nilikuwa nalifikiria lile ulilosema mwezi wa Shaabani, ambalo sikulisikia lilipotoka: "Ningekudanganya, lakini leo nimefunga." Nilikuambia kwamba wewe unashinda njaa. Basi mimi nilikuwa nafanya nini?

Usifikiri kwamba nakuandikia hivi ili kukuambia kuwa mchezo wako ni halali. Sijabadilika hapo. Kamari ni kamari, hata ikifanywa na mtu mwenye subira, na hata aliyeisomea. Wasioonana na wewe kwenye hiyo meza yako laini nao ni watoto wa watu, na ulaini wa meza ni ujinga wa mmoja wao. Nilitaka kukuambia hilo siku ile ile kwa sauti ya kawaida, kama baba, nikalipoteza katika methali. Nakuambia sasa mara moja, sirudii. Wewe umekwisha kunipa jibu lako kupitia kwa mama yako, tena gumu: "Baba, nikiacha siku niliyoshindwa, utasema nimeshindwa. Nikiacha siku niliyoshinda, utasema nini?" Labda ningesema, karibu nyumbani.

Ninaloliogopa zaidi ni jinsi ulivyoyafunga pamoja kama kuni mambo matatu: saumu, mbio na mchezo. Nimekaa na watu wengi waliofunga kwa ajili ya kitu kingine, na mimi ni mmoja wao. Nilifunga kwa ajili ya macho ya watu, na saumu ikanigeuka. Wewe unafunga kwa ajili ya Mungu, na mchezo unaokota makombo pembeni. Siku mchezo utakapokaa mbele na Mungu akaokota makombo, sidhani kwamba utaisikia siku hiyo ikifika. Mimi sikuisikia yangu. Vivyo hivyo mwili. Ulipojikaza kukimbia juani hali umefunga, ule mwaka wa mwisho wa chuo, ukarudi midomo imepauka, ulijisifu kwa mama yako, nami nilisikia fahari kwa siri nikiwa sebuleni. Nilipaswa kukukaripia. Sasa umejifunza mwenyewe kukimbia polepole karibu na futari, na sikuchangia chochote katika kujifunza huko.

Neema, rafiki yako utakayekaa naye, nampenda, ujue. Binti wa Buigiri, Mkristo wa kweli, na kila apigapo simu huanza na shikamoo yangu kabla ya kukutafuta wewe. Mwezi uliopita aliniambia, "Shikamoo, baba. Zuhura ananishinda kufunga, mimi namshinda mbio. Kwaresima ikiisha mimi nakula mpaka kiti kinalia." Nilimwitikia marahaba nikashindwa kujizuia, nikacheka. Mama yako alitoka jikoni kuja kutazama ni nani aliyecheka. Huko Arusha mtaishi vizuri. Asubuhi utamsaidia kuwaongoza kina mama katika ukumbi wake wa mazoezi, jioni utakuwa na meza yako. Hukutuficha hilo: chakula chenu kitatoka huku na huku, chungu kitakuwa kimoja.

Ndiyo maana swali lako limenilemea. Ungekuwa na vyungu viwili ningesema, nitakuja, nitakula cha jasho la ukumbi, hicho kingine nitakipisha. Lakini uji ukishakorogwa hauulizwi punje ipi imetoka shamba gani. Nikija nikala, nitakuwa nimekula ninachokiita haramu, na nitajua. Nikija nisile, nitaketi kwenye mkeka wako nikiitazama sahani yako kama mkaguzi, nawe utaondoa sahani hiyo mbele yangu huku umenyamaza, na kimya tulichokiishi hapa kitakuwa kidogo kwa kulinganisha. Nisipokuja, mwaka mwingine utapita, na sukari hainipi ahadi ya miaka.

Jana usiku nilikaribia kukujibu ndiyo. Leo mchana, nilipoona begi lako limesimama mlangoni, nilikaribia kukujibu hapana. Ndiyo ile ilitoka katika hofu kwamba unaondoka. Hapana hii ilitoka katika uchungu kwamba unaondoka. Zote mbili ni za saa ya mwisho kabla ya futari. Wewe umenifundisha kwamba saa hiyo mtu huinuka mezani, hata kama anaona karata zake ni nzuri. Basi nainuka. Sitaamua nikiwa na begi lako mbele ya macho yangu.

Hata hivyo kuna kimoja nilichokwisha kukifanya. Leo baada ya Alasiri yule mzee wa msikitini alinisindikiza mpaka kwenye kona ya Mzee Mlewa. Nikamwambia, "Ile siku ya jua kali, mimi sikufunga. Nilianguka, binti yangu akaninywesha maji. Na zilizofuata sikufunga." Nilisema nafsi ya kwanza, umoja. Akasema, "Mwalimu, sasa mbona ulituacha tukuonee wivu?" Akanishika bega, akaendelea na njia yake. Mzee Mlewa alikuwa anasikiliza kutoka barazani kwake, maana yeye husikiliza kila kitu, akapaza sauti, "Kwa hiyo ni yule anayekimbia ndiye aliyekuokoa? Basi mwache akimbie!"

Nimerudi nikaketi barazani, penye macho ya wapita njia, nikanywa chai yangu. Labda uliniona. Ulikuwa unapita na ndoo.

Kesho nitakusindikiza hadi stendi. Huenda nisiseme mengi. Mdomo umezoea kufunga, utachukua muda. Usidhani kwamba ni kile kimya cha zamani. Swali lako ninalo. Nitalipitia kama unavyoipitia migao yako, asubuhi kichwa kikiwa chepesi, na nitatafuta hasa pale ambapo ningependa kushinda kwa bahati. Nikishaamua, nitakuandikia kwa mkono wangu, sitamtuma mama yako.

Na kabla sijaamua, jioni simu yako ikilia, usiogope kwamba ni jibu. Ni mimi tu, nakuulizaga umeshindaje. Neno hilo nimeliona. Liache lilivyo, na unijibu kwa maana yoyote utakayopenda.

Baba yako,
aliye barazani